Ukuta Ndio Uulizwe Kwanza

Sura ya 14 ya Mambo ya Walawi ni miongoni mwa zile ambazo wahubiri huzipita mbio, kama mtu anayekatiza uani kwa jirani. Kuanzia aya ya 33 inazungumzia nyumba iliyoota madoa. Madoa yenyewe yanaelezwa kwa jicho la fundi: ni ya kijani au mekundu, na yamebonyea ndani kuliko uso wa ukuta. Mwenye nyumba akiyaona hana ruhusa ya kunyamaza. Anakwenda kwa kuhani na kumwambia kuwa nyumbani mwake kunaonekana kitu kama pigo. Vyombo vinatolewa nje, kuhani anaingia, anatazama, kisha anaifunga nyumba siku saba. Akirudi akakuta madoa yametambaa, mawe yaliyoathirika yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta zinakwanguliwa ndani pande zote, mawe mengine yanapangwa na plasta mpya inapigwa. Madoa yakichomoza tena baada ya kazi yote hiyo, nyumba inabomolewa, mawe na miti na udongo wake.

Kinachonivuta katika sheria hii ni swali ambalo halimo. Kuhani hamwulizi mkazi anapika nini, anaogaje, anaanika wapi nguo zake, wala kama ana tabia ya kufungua madirisha. Anauuliza ukuta. Marabi wa Kiyahudi waliokuja baadaye, ambao hawakuridhika kuona pigo lisilo na dhambi nyuma yake, waliitafuta dhambi hiyo, na waliyoipata ilikuwa ya mwenye nyumba: uchoyo. Ni yule anayeombwa chombo na jirani akasema hana. Sasa nyumba inapotolewa vitu nje, mtaa mzima unaviona alivyovikana. Nadai kwamba mpangilio huo, wa ukuta kuulizwa kwanza na mtu baadaye, ndio msingi wa haki ya mpangaji anayeishi katika nyumba yenye unyevu. Nadai pia kwamba anayeupindua huwa amekwisha kudhulumu, hata kabla hajakataa kutengeneza chochote.

Mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, umeonyesha unavyopinduliwa. Familia moja iliyotoka Sudani ilipanga huko nyumba ya chumba kimoja cha kulala, mali ya shirika linalopangisha nyumba za kijamii. Mwaka 2017 baba alitoa taarifa kwamba kuna ukungu ukutani; akaambiwa apake rangi juu yake. Mwaka uliofuata alizaliwa mtoto wao, Awaab Ishak. Julai 2020 muuguzi anayefuatilia afya ya watoto wadogo alieleza wasiwasi wake kwa maandishi, na mwezi huohuo ukaguzi ukakuta ukungu bafuni na jikoni. Lakini baba alikuwa ameshakwenda kwa mawakili, na utaratibu wa shirika ulitaka ukarabati usubiri mpaka mawakili wakubaliane. Awaab alifariki tarehe 21 Desemba 2020, siku nane baada ya kutimiza miaka miwili. Novemba 2022 ofisa wa mahakama anayechunguza vifo aliamua kuwa mtoto huyo aliuawa na maradhi makali ya njia ya hewa yaliyosababishwa na kuishi muda mrefu ndani ya ukungu, na kwamba hatua za kuutibu na kuuzuia hazikuchukuliwa. Shirika likakiri kuwa lilikuwa limejijengea dhana kuhusu mtindo wa maisha wa familia ile, na kwamba lilikosea. Miongoni mwa dhana hizo ilikuwa ya uogaji: huenda watu hawa hujimwagia maji kwa ndoo, huenda ndiyo desturi ya dini yao.

Tusilipite hilo la ndoo haraka. Tohara ya maji, ambayo kwa Mwislamu ni nusu ya imani, iligeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya mtu katika kesi ambayo hakujua kuwa inasikilizwa. Hakuna aliyesimama bafuni kupima maji. Ilitosha kulijua jina la familia na mahali ilipotoka. Sura ya Al-Hujurat inawaonya waumini kuhusu dhana, ikizihesabu baadhi yake kuwa dhambi, na wafasiri wa onyo hilo huwa wanawaza porojo za barazani. Naliona linafika mbali zaidi. Dhana ya ofisini ni mbaya kuliko ya barazani kwa sababu inazuia kazi: fundi hatumwi, jalada linafungwa, rangi inapendekezwa. Mwenye kudhania mpangaji ni mchafu hana haja ya kupanda dari kuangalia bomba. Oktoba 2021, kabla uamuzi wa Rochdale haujatolewa, ofisi ya Uingereza inayosikiliza malalamiko ya wapangaji ilichapisha ripoti nzima kuhusu unyevu na ukungu, na ikaweka katika jina lenyewe la ripoti kwamba tatizo si mtindo wa maisha.

Lakini upande wa pili una hoja, tena yenye mizizi katika elimu ya maumbile. Binadamu hutoa unyevu. Anapumua usiku kucha, anachemsha maharage, anaanika nguo ndani mvua ikimzuia nje, na mvuke wa yote hayo, ukikutana na ukuta wa baridi, hugeuka matone, kama yale ya nje ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ukungu hauhitaji karamu kubwa. Matone hayo, vumbi kidogo na rangi ya zamani vinautosha. Kwa hiyo, husema mwenye nyumba, mpangaji ndiye anayeufuga. Naikubali nusu ya kwanza ya hoja na kuikataa ya pili. Kupumua na kupika ndiyo matumizi ambayo nyumba ilijengewa. Jengo lililo salama kwa sharti kwamba waliomo wasipumue ni ghala, na kodi ya ghala haitozwi kwa jina la makazi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu hewa ya ndani ya majengo, lilieleza kuwa wakazi wa majengo yenye unyevu au ukungu wako katika hatari zaidi ya dalili za njia ya hewa, maambukizi yake, na pumu kuzidi. Likaelekeza kuwa kinga kuu ni jengo lililosanifiwa, kujengwa na kutunzwa vizuri. Dirisha dogo, paa linalovuja, msingi uliojengwa bila kizuizi cha kuyakatiza maji ya ardhini yasipande ukutani: hakuna mpangaji aliyechora ramani hiyo.

Mwambao wetu unaijua habari hii kwa namna yake. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa ina tabia ya kuuacha ukuta ukauke: maji yanayopanda kutoka ardhini hutokea juu yakapotea hewani. Akija mtu akapiga saruji juu yake kwa kutaka uimara na urahisi, maji yale hufungiwa ndani. Chumvi hukusanyika, plasta huvimba, rangi hubabuka, na chumba cha chini hunuka kama gunia lililosahaulika. Aliyechagua saruji ni mwenye nyumba au fundi wake. Anayeamka na kikohozi ni mwingine. Na akilalamika huambiwa afungue dirisha, pengine lile linalotazama kichochoro ambacho jua halifiki hata saa sita mchana.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ina aya moja inayomwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa, asije akabeba damu ya atakayeanguka. Andiko halisemi chochote juu ya huyo atakayeanguka. Labda ni mlevi. Labda ni mtoto mtundu aliyekatazwa mara kumi. Wajibu umewekwa juu ya mjenzi kabla uzembe wa mtu yeyote haujajulikana, kwa sababu mjenzi ndiye pekee aliyekuwapo ajali ilipokuwa bado inazuilika. Nayo fikihi imeuchora mpaka kwa wazi zaidi. Imamu Nawawi, mwanazuoni wa karne ya 13 ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa na masheikh wa Kishafi wa mwambao huu vizazi kwa vizazi, anaifikia nyumba ya kupanga katika mlango wa ijara, yaani upangishaji. Kuitengeneza ni juu ya mwenye nyumba. Theluji ikijaa juu ya paa, kuiondoa ni kazi yake pia. Taka na theluji ya uani ni za mpangaji. (Nawawi aliishi Damasko, ambako theluji huanguka, sijui mwanafunzi wa Lamu aliwahi kuipigia picha gani.) Paa ni la mmoja, ufagio ni wa mwingine. Mpangaji anayeacha maji yakituama uani kwake ameshindwa na ufagio wake, na aambiwe hivyo. Ila ufagio haujawahi kukausha ukuta unaonyonya maji kutoka ardhini, na kumtaka mpangaji aufagie unyevu ni kumbebesha paa.

Tufike kwenye ijara yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi wanapokosea kuhesabu. Katika fikihi, kupangisha ni kuuza manfaa: nyumba inabaki mali ya mwenyewe, na kinachouzwa ni kukaa ndani yake, siku hadi siku. Kiswahili kinalijua jambo hili, maana maskani imetokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliozaa sakina, utulivu. Kinacholipiwa mwezi wa tano hakijakuwapo mwezi wa kwanza; kinazaliwa kadiri siku zinavyokwenda, na muuzaji analazimika kukitoa upya kila siku. Chumba ambacho mtoto hawezi kulala bila kukoroma kifua hakijatolewa, hata kama ufunguo umetolewa. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya chumba hicho amepokea bei ya kitu ambacho hajakabidhi, na hivyo ndivyo jambo linavyopaswa kuitwa msikitini na kanisani, badala ya kuachwa liitwe usumbufu wa wapangaji.

Atasema: aliiona nyumba akairidhia. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa kuwa sheria za kidini zenyewe zinaiheshimu. Majalla, sheria za madai zilizokusanywa na dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, inamwachia mwenye nyumba kazi ya kutengeneza yanayoharibu manfaa, na mpangaji anaruhusiwa kutoka asipotengenezewa. Lakini aliyepanga akiijua kasoro hawezi baadaye kuifanya sababu. Sawa. Basi tuulize alijua nini. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na hata hao hawakusema uingie mwezi gani. Anayeonyeshwa chumba Januari, ukuta ukiwa umekauka na rangi ya wiki iliyopita bado inang'aa, hajaiona nyumba ya Aprili, masika ikiwa imepamba moto. Rangi ile mpya, ikiwa imepakwa juu ya madoa ambayo mwenye nyumba anayajua, ni uongo uliopigwa kwa brashi. Ridhaa iliyopatikana hivyo ni ridhaa ya kuta nyingine.

Na hata yule aliyeona madoa akaingia, tumpime vizuri. Dar es Salaam ni kawaida kudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, juu yake ujira wa dalali. Nawawi anampa mpangaji hiari: mwenye nyumba akiwahi kutengeneza, vema, asipowahi, mpangaji anaweza kuuvunja mkataba. Ni haki nzuri kwa mtu ambaye kodi yake bado iko mfukoni. Kwa aliyekwisha kuitoa yote, na ambaye ilimchukua miezi mingi kuikusanya, hiari hiyo ni mlango uliochorwa ukutani. Hapa, kwa maoni yangu, wanaorudia kanuni ya zamani neno kwa neno wanaisaliti roho yake. Haki ya kuondoka ililenga kumsukuma mwenye nyumba atengeneze. Pale ambapo haiwezi tena kumsukuma, lazima kitu kingine kifanye kazi hiyo, na kitu hicho ni muda uliowekwa na mamlaka inayoweza kuusimamia.

Uingereza imefika huko kwa bei ya uhai wa mtoto. Sheria ya nyumba za kijamii iliyopitishwa Julai 2023 ilibeba kifungu kinachoitwa kwa jina la Awaab, na tangu tarehe 27 Oktoba 2025 mashirika yanayopangisha nyumba hizo yanahesabiwa siku: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, hatari kubwa ya unyevu na ukungu ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi. Msomaji wa Walawi hatashindwa kuona kuwa kuhani, kwa siku zake saba, alikuwa na mwendo unaokaribiana. Kenya nayo haikosi maneno mazuri. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inataja haki ya makazi ya kutosha na viwango vya usafi vinavyofaa. Lakini baraza la kodi za nyumba, ambalo mpangaji wa kawaida angelikimbilia bila wakili, liliundwa na sheria inayohusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Atafute mtu chumba cha Nairobi chenye choo ndani kwa bei hiyo.

Inabaki hoja inayonipa tabu kweli, ambayo ni ya mwenye nyumba maskini. Wapangishaji wengi wa miji yetu hawana majumba ya ghorofa. Ni mjane mwenye vyumba vinne uani, ni mstaafu aliyezika kiinua mgongo chake kwenye matofali. Kodi ndiyo ada ya mjukuu na dawa ya shinikizo la damu. Mkimlazimisha abandue plasta na kuinua paa, husemwa, ama atapandisha kodi ama ataifunga nyumba, na atakayeumia ni mpangaji yuleyule mnayemtetea. Huruma kwa mjane ni wajibu, ila naomba tuone inavyotumika hapa: mjane anasaidiwa kwa mapafu ya mtoto wa mpangaji, ambaye mara nyingi ni maskini kuliko yeye. Hiyo ni sadaka iliyotolewa na mtu asiyeulizwa. Sheria ya wakfu ina jibu ambalo nashangaa halisikiki katika mjadala huu. Nyumba ikiwekwa wakfu kwa ajili ya mayatima, mapato yake hayaendi moja kwa moja kwa mayatima. Kwanza yanaitengeneza nyumba yenyewe, hata kama mwaka huo mayatima watapata kidogo. Wanazuoni walikuwa wanawajua mayatima na njaa yao, na bado waliutanguliza ukuta, kwa kuwa aliyekula fedha ya ukuta leo amekula nyumba. Kama yatima anangoja nyuma ya paa, mjane naye anaweza kungoja, na serikali au jamaa wakatafuta namna ya kumkopesha bati na saruji. Kuhusu kupanda kwa kodi, huenda ikapanda mahali fulani. Sehemu ya unafuu wa kodi ya leo, hata hivyo, inalipwa hospitalini.

Wapo pia wanaomhimiza mpangaji awe na subira, kwamba maradhi na uzima vimo mikononi mwa Mungu. Ni kweli, na ni kweli hiyohiyo aliyoijua Khalifa Umar alipokuwa njiani kuelekea Sham, akapata habari ya tauni akageuza msafara. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Subira ni fadhila ya anayeteswa. Ikihubiriwa na anayetesa inabadilika jina. Waraka wa Yakobo una maneno makali kwa muumini anayemwambia mtu asiye na nguo aende kwa amani akaote moto, bila kumpa kitu. Angalau huyo hakuwa akimtoza kodi ya baridi hiyo.

Na tusijifanye kuwa waumini wako nje ya habari hii. Misikiti ina nyumba za wakfu zenye wapangaji, na makanisa mengi hupangisha vyumba na maduka. Masika ijayo mpangaji mmoja wa nyumba hizo atapanda ngazi za ofisi, na mchango wa kwanza wa dini katika suala hili utaonekana hapo, katika swali la kwanza atakaloulizwa. Lipo pia jambo ambalo hata Walawi imeliacha. Andiko linahangaikia vyombo vitolewe nje visije vikahesabiwa najisi, na marabi walistaajabia huruma inayofika hadi kwenye vyungu vya udongo vya maskini. Kisha nyumba inafungwa, kuhani anakwenda zake kwa siku saba, na haisemwi popote familia italala wapi. Sheria ya Awaab imelijibu hilo: nyumba isipowezekana kufanywa salama kwa wakati, mpangishaji awatafutie wakazi mahali pengine, kwa gharama yake.